Kompyuta ya nyumbani usiku: iwake, ilale au izimwe?

Usiku mmoja wa mwezi wa pili nilizima friji, feni, ruta na taa zote, nikabakiza kitu kimoja tu kinachokula umeme nyumbani: kompyuta yangu ya mezani. Haikuwa inafanya kazi yoyote, imekaa tu. Nikatoka kibarazani na simu mkononi, nikasimama mbele ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Pale kuna kataa kekundu kanakopepesa. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kataa kakipepesa mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Nikahesabu kutoka pepeso moja hadi jingine: sekunde 45. Nikarudi ndani nikazima monita, nikatoka tena. Sekunde 60.

"Baba Latifa, unalinda nini huko nje?" mke wangu akauliza gizani.

"Nahesabu hela."

Ukitaka kufanya hivyo kwako, chukua 3,600 ugawanye kwa sekunde ulizozipata, jibu ni wati. Kwangu ilikuwa wati 80 monita ikiwaka na wati 60 monita ikiwa imezimwa. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya jibu tena kwa 1.6. Huhitaji kununua kifaa wala kumwita fundi, ni kuvumilia joto bila feni kwa dakika tano tu.

Nilikuwa na sababu ya kuhesabu. Mimi nahariri video za harusi nyumbani, Tabata, Dar es Salaam, na kwa miaka minne kompyuta hiyo ilikuwa haizimwi mpaka umeme ukatike wenyewe. Nilishika maneno mawili ambayo bila shaka umeyasikia: kwamba kuwasha na kuzima kila siku kunaimaliza mashine, na kwamba ule wakati wa kuiwasha ndio unaokula umeme kuliko kuiacha ikiwaka. Kaka yangu yuko upande wa pili kabisa. Kwake mashine ni kama punda, usipoipumzisha itakufia njiani, kwa hiyo anazima hata akienda kula. Tumebishana miaka. Sasa naona tulikuwa tunabishana pembeni ya jambo. Mashine yenyewe haijali sana. Kinachoamua ni umeme wa mtaani kwako, na kama kweli kuna kazi inayofanyika wakati umelala.

Machaguo ni manne

Watu wengi wanalinganisha kuwaka na kuzima tu, wanaruka yaliyo katikati.

Kuna kuiacha iwake. Kuna kuilaza: skrini inazima, feni zinatulia, diski inasimama, lakini kumbukumbu ya muda, ile RAM, inaendelea kulishwa umeme kidogo ili kazi zako zibaki zilivyo. Ukigusa kibodi inaamka ndani ya sekunde chache. Kuna kuilaza fofofo, ambapo kila kilichokuwa kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski kisha mashine inazima kabisa. Ukiiwasha inasoma ile nakala na kukurudisha ulipoishia, madirisha yote wazi. Na kuna kuzima.

Hili la fofofo ndilo watu hawalijui, kwa sababu kompyuta nyingi za Windows huja limefichwa. Unaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Control Panel, mahali pa kuchagua kitufe cha kuzimia kifanye nini, unaweka tiki kwenye "Hibernate". Litakula nafasi kwenye diski, kwa kawaida karibu asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Mwenye RAM ya GB 16 atoe zaidi ya GB 6. Kwa diski ya GB 256 iliyojaa unaweza kulihisi, kwa nyingine hapana.

Hela

Tuseme unatumia kompyuta saa nane kwa siku. Swali linabaki kwenye zile saa 16 nyingine. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni saa 480. Mimi niko kwenye kundi la T1, lile la wateja wa kawaida wa TANESCO: shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 pamoja na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356. Wati za kuwaka ni zangu nilizopima. Za kulala na kuzima nimeweka za kawaida kwa kompyuta za mezani.

| Hali katika zile saa 16 | Wati | Uniti kwa mwezi | Shilingi kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| Inawaka, monita inawaka | 80 | 38.4 | 13,670 |
| Inawaka, monita imezimwa | 60 | 28.8 | 10,250 |
| Imelala | 3 | 1.4 | 510 |
| Imezimwa au fofofo, soketi inawaka | 1 | 0.5 | 170 |
| Swichi ya ukutani imezimwa | 0 | 0 | 0 |

Tazama pengo lilipo. Kati ya kuwaka na kulala kuna karibu shilingi elfu kumi kwa mwezi, zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kati ya kulala na kuzima kuna shilingi mia tatu na kidogo, bei ya maandazi mawili. Kwa hiyo anayezima kila saa kwa ajili ya kubana umeme anajichosha, na anayeiacha inawaka kwa sababu "si inakaa tu" anajidanganya.

Sasa ile hoja ya kwamba kuwasha kunakula umeme kuliko kuiacha. Kompyuta ikiwashwa hupanda kidogo, tuseme wati 120 kwa dakika moja na nusu. Huo ni umeme ule ule ambao ingekula katika dakika tatu za kukaa bure. Ukiondoka kwa zaidi ya dakika tatu, hoja imekwisha. Huenda neno hili limetoka kwenye mota za zamani na taa za mirija, likarithiwa.

Walioko kundi la D1, lile la nyumba zinazotumia umeme kidogo, wana jambo la ziada la kuangalia. Bei yao ni shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila inayozidi hapo ni 350, kodi na tozo bado. Nyumba inayotumia uniti 60 ikiongezewa kompyuta inayokesha, ile 28.8, inavuka mstari. Uniti 15 za kwanza zitakwenda kwa bei ya chini, na zile 13.8 zilizobaki kwa 427 ukishajumlisha makato. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba LUKU yake "imebadilika" wakati kilichobadilika ni mashine moja kona ya sebule. Na ukizoea kuzidi, unaweza kuhamishiwa T1.

Kwa wanaotumia sola, hesabu si ya hela tena. Betri ya kawaida ya maji, volti 12 na Ah 100, inabeba Wh 1,200, na ukitaka idumu usinywe zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta ya wati 60 kwa saa 12 za giza inataka 720. Utaamka hakuna taa, hakuna simu iliyochajiwa, na betri imefupishwa umri. Hapo sina ulinganisho wa kufanya: zima.

Umeme unaporudi

Hapa ndipo nilipoungua.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa mtumba wa ofisini, zile zinazokuja kwa makontena zikiwa bado na stika za namba za mali. Mashine za ofisi mara nyingi hupangwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, zijiwashe zenyewe umeme ukirudi, ili mtu wa TEHAMA asizunguke ghorofa nzima akibonyeza vitufe. Sikujua. Usiku ule nilikuwa nimeiacha inatoa video ya harusi ya saa tatu. Saa tisa usiku umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi, mara tatu ndani ya robo saa. Kila ukirudi, mashine inajiwasha. Mara ya tatu nikasikia "pa!" kutoka sebuleni, halafu harufu ya plastiki iliyoungua ikafika chumbani kabla sijavaa ndala.

Asubuhi fundi alifungua ile pawasaplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme, akanionyesha vikapasita viwili, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, vimevimba vichwa kama maandazi, na kimoja kimepasuka. Faili la harusi lilikuwa limekatika katikati, na bwana harusi alikuwa ameshanilipa nusu.

Kinachotokea ni hivi. Umeme ukirudi mtaani, friji zote, pampu zote na viyoyozi vyote vinaanza kuvuta kwa wakati mmoja. Volti inashuka, inaruka, inashuka tena, mpaka mambo yatulie. Ndiyo sababu vile vifaa vya kulinda friji husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Kompyuta iliyounganishwa bila kinga inapokea mtikisiko wote huo. Na iliyozimwa kwa kitufe tu bado imeunganishwa, pawasaplai bado inapata umeme. Salama yake ni swichi ya ukutani, au kuchomoa.

Kwa hiyo ulinganisho wa machaguo manne hapa unabadilika. Inayowaka iko hatarini mara mbili, ya vifaa na ya mafaili, hasa ikikatika wakati inaandika. Iliyolala haiko katikati ya kuandika, lakini umeme ukikatika RAM inasahau kila kitu, na barua uliyoacha bila kuhifadhi imekwenda. Windows ina njia ya kuchanganya, ambapo kompyuta ya mezani ikilala inaandika pia nakala kwenye diski. Ipo kwenye mipangilio ile ile ya umeme kwa jina la "Hybrid sleep" kwa mashine zinazoikubali. Iliyolala fofofo na iliyozimwa hazipotezi chochote kwenye kazi zako, na ukishazima ukutani hazipotezi chochote kabisa.

Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuzalisha mwaka 2024, mgao ule wa ratiba umepungua, nakubali. Lakini kukatikakatika ni kitu kingine, kunatokana na nguzo, transfoma, mvua na matawi ya miembe. Na gridi nzima nayo huanguka: Aprili 1, 2024 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, na wenzetu wa Kenya waliyaona hayo Agosti 25, 2023. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ndogo ya VA 650 inakupa dakika kumi, labda ishirini, kwa kompyuta ya wati 60 na monita. Ukiwa umekaa mbele yake zinatosha kuhifadhi na kuzima. Ukiwa umelala hazikusaidii kitu, utaamka umeikuta imekufa vile vile, ila imechelewa kidogo.

Isipokuwa kama UPS yako ina tundu la USB. Waya ule mwembamba ambao watu wengi huuacha kwenye boksi ndio unaoiambia kompyuta kwamba sasa tunakula betri. Windows ikishauona, unaipanga: betri ikibaki asilimia 30, lala fofofo. Bila waya huo, UPS ni kwa ajili ya watu walio macho.

Na ingia BIOS leo, hasa kama mashine ni mtumba. Tafuta mahali panaposema mashine ifanye nini umeme ukirudi, weka ibaki imezima.

Je, kuzima kunaichosha mashine?

Kuna ukweli ndani yake. Vyuma hutanuka vikipata moto na kusinyaa vikipoa, na kila mzunguko unavuta risasi za kulehemu zilizounganisha vipande. Diski ya kuzunguka nayo hupata kazi kubwa zaidi inapoanza kuzunguka. Lakini diski nyingi za mezani hutengenezwa kuvumilia kuanza na kusimama mara 50,000. Ukizima na kuwasha mara tano kila siku, utazifikisha baada ya miaka 27. SSD, ile diski ya chipu, haina kinachozunguka, haijali kabisa.

Upande wa pili hausemwi sana. Kuna vitu vinavyozeeka kwa saa za kufanya kazi, na kwa joto: feni, na vile vikapasita vya pawasaplai. Kikapasita cha bei rahisi kinaweza kuwa kimepimwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi kumi, umri unaongezeka maradufu. Kikikaa kwenye nyuzi 65 ndani ya kasha, kinapata kama saa 32,000. Kikifanya kazi saa 24 kila siku hiyo ni miaka mitatu na nusu na kidogo. Kikifanya kazi saa nane kwa siku, ni karibu miaka kumi na moja. Sisemi pawasaplai yako itakufa siku hiyo. Nasema kwamba kwa mashine za bei ya kawaida tunazonunua, saa za kuwaka zinakula zaidi ya vile kuwasha kunavyokula.

Na sisi tuna vyetu vya ziada. Vumbi la barabara isiyo na lami, chumvi ya pwani, na wadudu. Pawasaplai yenye joto usiku kucha ni hoteli ya mende. Fundi wangu ana kopo dukani alilojaza mijusi iliyokauka, anawaonyesha wateja wanaobisha. Feni inayozunguka saa 24 inavuta vumbi mara tatu ya ile ya saa nane, hili halihitaji kikokotoo. Usisahau pia chumba: wati 60 ni kama balbu moja ya zamani ya wati 60 inayokupikia hewa usiku mzima, na Dar mwezi wa pili huhitaji msaada huo.

Kuzima ambako si kuzima

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, uangalie CPU. Chini kuna muda ambao mashine imekuwa macho, "Up time". Kaka yangu, yule wa punda, anayezima hata akienda kula, yake ilisoma siku 23.

Alinyamaza kwa muda.

Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, kompyuta nyingi hufunga programu zako tu kisha zinakiandika kiini cha Windows kwenye diski, ili kesho ziwake haraka. Ni nusu ya fofofo. Umeme haili, kwa hiyo hesabu ya hela haibadiliki. Ila uchafu unaojilimbikiza kwenye mfumo, yale mambo yanayofanya printa igome ghafla au sauti ipotee, hauondoki kwa kuzima. Unaondoka kwa kuristati. Ajabu ya Windows ya sasa ni kwamba kuristati ndiko kusafisha kweli. Kwa hiyo anayelaza kila siku na kuristati mara moja kwa wiki ana mfumo msafi kuliko anayezima kila usiku bila kuristati.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Windows 95 na 98 zilikuwa na kasoro: saa ya ndani ilihesabu milisekunde kwa biti 32, na namba hiyo hujaa baada ya siku 49.7, kompyuta inaganda. Inasemwa kwa mzaha kwamba ilichukua miaka kugundulika kwa sababu hakuna Windows iliyokaa siku 49 bila kuanguka kwa sababu nyingine.

Masasisho ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu ikiwa ni saa mbili au tatu usiku. Wanaokesha na mashine hulitaja kama faida: inajisasisha yenyewe nimelala. Kweli, kama una faiba. Kama kompyuta inakula intaneti ya simu, iliyoachwa usiku kucha inaweza kuvuta masasisho ya GB kadhaa, ukaamka na ujumbe kwamba bando lako limekwisha. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi weka alama kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo, "Metered connection", ulaji wake wa bando utapungua sana.

Usalama nitaupita haraka: mashine iliyozimwa haiwezi kuingiliwa na mtu wa mbali. Kama Windows yako ni 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma Oktoba 14, 2025, hilo lina uzito kuliko zamani.

Wenye kazi ya usiku

Wapo ambao kuiacha ni halali. Anayetoa video kama mimi. Anayeshusha mafaili makubwa kwa bando la usiku. Mwenye kamera za ulinzi zinazorekodi humo humo. Aliye safarini anayetaka kuifikia kompyuta ya nyumbani kwa simu.

Kwa wa kwanza na wa pili, kazi ina mwisho. Programu nyingi za kuhariri na za kushusha mafaili zina sehemu ya kusema ukimaliza, lala au zima. Isipokuwepo, kazi ikiisha ukiwa macho fungua dirisha la amri uandike shutdown /h, mashine italala fofofo papo hapo, au kabla ya kulala tumia shutdown /s /t 10800, mashine itazima baada ya saa tatu. Video yangu ya saa tatu huchukua kama saa mbili kutoka. Zamani ilimaliza saa saba usiku, kisha ikakesha bure mpaka asubuhi.

Kwa kamera na mafaili ya familia, swali ni kama kompyuta kubwa ndiyo inayofaa. Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kitambulisho, kinakula wati tano au pungufu kikiwa na kazi nyepesi. Saa 24 kwa mwezi ni uniti 3.6, chini ya shilingi 1,300. Hata bora kwetu ni laptopu ya zamani iliyovunjika kioo, zile zinazouzwa kama spea. Inakula wati kumi hivi ikitulia, na betri yake ndiyo UPS, tena umeshailipia. Yangu iko juu ya kabati la vyombo, imefungwa, inahifadhi nakala za harusi za watu. Mke wangu huifunika kitambaa, mimi huifunua kwa sababu ya joto.

Anayetaka kuifikia mashine akiwa mbali ajue kwamba kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa waya wa mtandao zinaweza kuamshwa kwa ujumbe kutoka kifaa kingine kilichomo kwenye mtandao huo huo. Hahitaji kuikesheza kwa ajili ya mara moja kwa wiki.

Laptopu

Hapa hela si hoja. Wati kumi kwa mwezi mzima bila kuzima ni uniti 7.2, kama shilingi 2,560. Hoja ni betri. Laptopu inayokaa kwenye chaja saa zote ikiwa asilimia 100, juu ya godoro, ndani ya chumba cha nyuzi 30, betri yake inaweza kuvimba. Utaanza kuona kipanya cha kugusa kimenyanyuka, au kifuniko hakifungi sawa. Ikifika hapo usiendelee kuitumia wala usijaribu kuibonyeza irudi. Lenovo, Asus, Dell na wengine wana programu zao za kuweka kikomo cha chaji, asilimia 80 ni nzuri. Ukiweka hivyo na ukaiacha kwenye meza tupu, kuilaza hakuna shida.

Tahadhari moja: laptopu nyingi za karibuni zikifunikwa hazilali usingizi wa zamani. Zinabaki nusu macho, zinapokea barua pepe na masasisho kama simu. Ukiifunika hivyo ukaitia kwenye begi ukapanda daladala, utaitoa ikiwa ya moto na chaji imekwenda. Kwa begi, fofofo.

Ninavyofanya sasa

Mchana nikitoka kwa muda, inalala, UPS ikiwa na waya wake wa USB. Usiku kama kuna video, inatoa, ikimaliza inalala fofofo yenyewe. Usiku usio na kazi naiweka fofofo na kuzima swichi ya ukutani, nikilala. Jumapili asubuhi naristati.

Wiki ya kwanza, nilipokuwa nailaza tu bila kuzima ukutani, ilinitesa: naikuta imeamka saa nane usiku, monita inamulika sebule tupu. Nikaandika powercfg /lastwake kwenye dirisha la amri, ambalo hukuambia ni nani aliyeiamsha mara ya mwisho. Jibu: kipanya. Nikazuia kipanya kisiamshe, kibodi tu ndiyo ibaki. Usiku uliofuata nikaikuta macho tena. Safari hii ilikuwa ni kibodi, na juu yake alikuwa amelala paka.